Kazi ya Ngozi Katika Kisiwa Kisicho na Maji ya Kisima: Somo kwa Wapenda Kazi za Mikono wa Kata ya Jibondo

Kisiwa cha Jibondo kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji matamu ya kisima si ya kutegemewa humo. Wakazi hukinga maji ya mvua, na kiangazi kinapokaza huyafuata kwa vyombo katika visiwa vya jirani. Kila mkazi analijua jambo hilo tangu utotoni, na lisingehitaji kuandikwa katika jarida hili, isipokuwa kwamba ndilo linaloamua karibu kila hatua ya kazi tunayokusudia kuieleza.

Maelekezo mengi ya kazi ya ngozi yameandikwa kwa ajili ya watu wenye bomba uani. Ngozi ilowekwe usiku kucha, isuuzwe, iingizwe katika maji ya chokaa kwa siku kadhaa, isuuzwe tena mara tatu au nne, kisha ndipo kazi yenyewe ianze. Mkazi wa Jibondo akiyafuata maelekezo hayo neno kwa neno, ngozi ya mbuzi mmoja itakunywa maji ambayo familia ingeyatumia kwa siku kadhaa. Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wale wanaotaka kujifurahisha kwa kutengeneza ngoma ndogo, makubadhi, mkanda, ala ya kisu au mfuko wa simu baada ya shughuli za baharini au za shule, bila kuigusa akiba ya nyumba na bila kuibandua mikoko.

Ufundi huu si mgeni katika pwani yetu. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate huko Lamu, ulisifika kwa mafundi wake wa ngozi walioshona viatu na mikanda, na kwa waandishi wake walionakili misahafu. Makubadhi yalivaliwa pwani nzima. Kazi hiyo ilifanyika kwa mikono na kwa subira, bila kiwanda. Kwa hiyo mtu wa kisiwani asidhani kwamba ukosefu wa mashine ndio kikwazo chake. Kikwazo ni maji, na njia ya kukivuka ni kuyapanga maji hayo kwa daraja.

Kabla ya maji: kisu na chumvi

Ngozi nyingi huharibika mikononi mwa mchunaji, kabla fundi hajaiona. Kisu chenye ncha kali huacha mikwaruzo upande wa nyama, na kila mkwaruzo ni tundu litakalofunguka ngozi itakapovutwa. Tumia kisu kwa kupasua mistari ya mwanzo tu, yaani tumboni na miguuni. Sehemu iliyobaki, tenganisha ngozi na nyama kwa kusukuma kwa ngumi. Mbuzi huchunika vizuri kwa ngumi akiwa bado na joto.

Hapa pana onyo lisilo na mjadala. Mnyama aliyekufa mwenyewe asichunwe. Ugonjwa wa kimeta humpata binadamu kwa kugusa ngozi, manyoya au damu ya mnyama aliyeugua, na vimelea vyake huweza kuishi ardhini miaka mingi. Apewe taarifa afisa mifugo, na mzoga usisogezwe wala kupasuliwa kabla ya maelekezo yake. Na kama mbuzi ni wa udhuhiya, suala la nani aichukue ngozi na kama yafaa kuuzwa ni la kumuuliza imamu wa msikiti wako, si la jarida hili.

Ngozi iliyotoka kwa mbuzi ianze kushughulikiwa ndani ya saa chache, kwa maana joto letu halisubiri. Iwapo huna nafasi ya kuifanyia kazi siku hiyo, itandaze upande wa nyama ukiwa juu, uipake chumvi kavu kila mahali, hasa kwenye kingo na shingoni. Nusu kilo ya chumvi kwa kila kilo moja ya ngozi mbichi hutosha. Ikunje baada ya siku moja, uiweke mahali palipoinama ili majimaji yachuruzike.

Wapo wanaoamini kwamba kuining'iniza ngozi baharini ni sawa na kuitia chumvi. Si sawa. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 tu za chumvi, kiasi kisichoweza kuzuia uozo. Bahari huosha, haihifadhi. Saa moja ya kuosha yatosha, kisha ngozi itoke.

Maji ya aina mbili

Kanuni ya kazi hii kisiwani ni nyepesi: uchafu mzito uondolewe kwa maji ya bahari, na maji ya mvua yaje mwisho kabisa. Damu, kinyesi, mchanga, mafuta yaliyokwanguliwa, vyote hivyo vioshwe pwani, mbali na mahali watoto wanapooga na mbali na matangi ya kukingia maji. Hata ngozi iliyokuwa kwenye chumvi yaweza kusuuzwa kwanza kwa maji ya bahari, kwa sababu maji hayo, ijapokuwa yana chumvi, bado yana uwezo wa kuyeyusha chumvi nyingi zaidi.

Baada ya hapo ndipo ndoo moja ya maji ya mvua itumike. Usiimimine yote kwa mara moja. Igawe nusu kwa nusu: suuza kwa nusu ya kwanza, kamua ngozi, mwaga, kisha suuza kwa nusu ya pili. Suuzo mbili ndogo huondoa chumvi zaidi kuliko suuzo moja kubwa, ingawa maji ni yaleyale. Maji yaliyotumika yamwagwe ufukweni, kwa kuwa chumvi yake huua mimea ya uani.

Kwa nini suuzo hiyo ya mwisho ni ya lazima, ilhali ngozi tayari inaonekana safi? Chumvi huvuta unyevu wa hewa. Ngozi iliyokauka ikiwa na chumvi ndani yake hulegea kila upepo wa bahari unapovuma, na ngoma iliyowambwa kwa ngozi hiyo hutoa sauti kama ya kugonga mkeka. Ndoo hiyo moja ndiyo tofauti kati ya ngoma inayolia na ngoma ya pambo.

Anza na ngoma

Kwa mtu anayeanza, ngoma ndiyo kazi inayofaa kuliko zote hapa kisiwani, maana haihitaji ngozi iliyosindikwa. Haihitaji hata kunyonyolewa manyoya kwa chokaa, hatua ambayo hula maji mengi kuliko nyingine yoyote. Kwangua upande wa nyama kwa kisu butu hadi utando mweupe utoke. Suuza kama tulivyoeleza. Kisha iwambe ngozi ingali na unyevu, manyoya yakiwa juu, uikaze kwa kamba au vigingi.

Usiikaze kwa nguvu zako zote. Ngozi mbichi husinyaa inapokauka, nayo husinyaa kwa nguvu inayoweza kuchana mashimo ya vigingi au kupasua mzinga wa mti mwepesi. Ikaze iwe sawasawa pande zote, isiwe na mikunjo, basi. Kukauka kutamalizia kazi. Iache kivulini kwenye upepo kwa siku mbili au tatu. Jua kali hukausha juu haraka na kuacha ndani pakiwa pabichi, na hapo ndipo harufu huanza. Vivyo hivyo, ngozi isitandazwe chini mchangani ikauke. Inahitaji hewa pande zote mbili.

Ikishakauka barabara, nyoa manyoya kwa wembe, taratibu, kwa kufuata yalikoelekea, kisha pitisha msasa laini. Ngozi nyembamba hutoa sauti ya juu, nene hutoa sauti nzito. Kabla ya kupigwa wakati wa unyevu, ngoma ikangwe kidogo motoni, kama wazee walivyofanya siku zote.

Magome ya mkandaa

Ngozi ya ngoma ni ngumu na ikilowa hurudi kuwa mbichi. Viatu na mikanda huhitaji ngozi iliyosindikwa, au kama wazee walivyosema, iliyodabaghiwa. Hapo ndipo swali linapomwelekeza mkazi wa visiwa vyetu kwenye mikoko.

Swali hilo lina asili ya kweli. Magome ya mikoko, hasa mkandaa, yana wingi wa ile asili chachu inayokamata ngozi na kuizuia isioze, na huipa rangi nyekundu ya kuvutia. Wavuvi wa zamani walitumia maji ya magome hayo kuimarisha nyavu na matanga. Enzi ya Wajerumani, magome kutoka delta ya Rufiji yalipakiwa melini kwenda kwenye viwanda vya ngozi vya Ulaya. Hakuna anayeweza kusema kwamba mkandaa haufai kwa kazi hii. Unafaa mno, na ndiyo sababu uko hatarini.

Mti hupeleka chakula chake kutoka majanini kwenda mizizini kwa kupitia gome. Gome likibanduliwa kuzunguka shina zima, mti umeuawa, ingawa majani yatabaki ya kijani kwa muda. Mikoko ya Tanzania ni msitu wa hifadhi. Kuikata au kuibandua bila kibali ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Aidha, maji yanayoizunguka kata yetu yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, hesabu yenyewe haimfai mvuvi: mizizi hiyo ndiyo inayolea kamba na samaki wachanga na kuushika udongo wa ufuko. Jozi moja ya makubadhi haistahili gharama hiyo. Mwenye boriti zilizokatwa kwa kibali, na anayo risiti, anaweza kuuliza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu kuhusu magome yake. Aulize kabla, si baada.

Katazo hilo linakwenda pamoja na mengine mawili. Chokaa ya kunyonyolea manyoya inunuliwe dukani, isichomwe kutokana na matumbawe. Na ngozi ya kasa, mnyama ambaye fukwe za Juani ni mahali pake pa kutagia, haiguswi kwa kazi yoyote.

Nini basi kibaki? Upo unga wa magome ya miwati, unaotengenezwa Njombe kutokana na miti iliyopandwa kwa kazi hiyo. Yapo pia majani ya mkungu na ya mpera, ambayo yana chachu ya wastani. Majani ya mkungu yaliyodondoka yenyewe yakichemshwa na kupoa hutoa maji ya rangi ya chai iliyokolea. Nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo jaribu kipande kisichozidi ukubwa wa kiganja, kilichokwisha kunyonyolewa manyoya na kusuuzwa hadi kisiteleze kwa chokaa. Unapoitumia chokaa hiyo vaa glovu na ulinde macho, kwani huunguza.

Anza na maji mepesi kwa siku chache, kisha ongeza makali polepole. Anayeanza na maji makali hufunga ngozi juu na kuuacha moyo wake ukiwa mbichi. Maji hayo hayamwagwi. Huongezwa majani na kuendelea kutumika, hivyo ndoo moja yaweza kudumu kwa wiki zote za kazi. Ukitaka kujua kama ngozi imeiva, kata ukingo mdogo uutazame: rangi iwe moja toka juu hadi chini. Mstari mweupe katikati una maana ya kungoja. Dawa za krome zinazotumiwa viwandani zisijaribiwe nyumbani kwa hali yoyote. Kisiwa kinachokunywa maji ya tangi hakina mahali pa kumwaga mabaki yake.

Maoni ya mwandishi ni kwamba, majaribio ya majani ni elimu nzuri kwa vijana, lakini anayetaka viatu vya kuvaa anunue ngozi iliyokwisha kusindikwa kutoka Dar es Salaam, akaiagize kwa wasafiri wa Nyamisati. Ngozi hukunjwa mzunguko na haiharibiki safarini. Aombe ngozi iliyosindikwa kwa magome. Dalili yake ni kwamba tone la maji likiwekwa juu yake hunywewa na kuacha doa jeusijeusi kwa muda, na ikiloweshwa hukubali kufinyangwa. Anayetamani kuisomea kazi hii kwa undani, teknolojia ya ngozi hufundishwa katika Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT).

Karakana ipo tayari

Jibondo ni kisiwa cha waunda majahazi. Nyumba nyingi zina patasi, keekee, nyundo, msasa na kinoo, na mikono inayovijua. Wanawake wanaoshona mikeka kwa shazia, na wavuvi wanaotengeneza nyavu, wamekwisha kuvuka nusu ya somo hili pasipo kujua. Kitu cha kununua ni kisu chenye wembe wa kubadilishwa, rula ya chuma na sindano mbili nene zisizo na ncha kali.

Kisu kiwe kikali. Kisu butu huhitaji nguvu, na nguvu hukiponyosha kisu kikaishia mkononi. Kata kwa kupitisha mara tatu nyepesi badala ya mara moja nzito, kidole cha mkono mwingine kikiwa nyuma ya rula. Ngozi ya mgongoni ni imara, ya tumboni hunyumbuka. Mkanda na kamba za viatu zikatwe mgongoni, kwa urefu wa uti wa mgongo, na ya tumboni ibaki kwa vifuko.

Kwa mshono, chora mstari milimita 4 kutoka ukingoni. Chukua uma wa kulia chakula, ukandamize meno yake juu ya mstari, kisha usogeze hadi jino la kwanza liingie katika alama ya mwisho, na kuendelea hivyo. Alama zitalingana bila kupima. Toboa kwa msumari mwembamba ulionolewa, ngozi ikiwa juu ya ubao. Uzi wa nailoni wa kushonea nyavu unafaa sana, ukipitishwa kwenye nta ya nyuki mara mbili tatu. Urefu wake uwe mara nne ya urefu wa mshono. Tia sindano kila upande wa uzi, na katika kila tundu pitisha zote mbili, moja toka kulia na nyingine toka kushoto. Uzi wa upande mmoja ukikatika, wa pili hushikilia, jambo ambalo cherehani haiwezi. Malizia kwa kurudi nyuma matundu mawili, kata, na uyeyushe ncha kwa kibiriti.

Gundi ya viatu itumiwe nje ya nyumba, mbali na moto na watoto, kwa kuwa mvuke wake hushika moto na hulevya.

Kwa makubadhi, chora nyayo zote mbili, maana hazilingani, na uzichore jioni miguu ikiwa imetanuka. Mwamba wetu hukata soli ya ngozi kwa wiki chache, hivyo tia chini kipande cha tairi kama katambuga, na ngozi ibaki juu. Usitumie pini za chuma. Hewa ya chumvi huzitia kutu, na kutu ikikutana na chachu ya magome huacha doa jeusi lisilotoka.

Doa hilohilo, hata hivyo, ndilo rangi nyeusi ya bure. Misumari ya chuma iliyokwisha kupata kutu, ambayo haikosekani karibu na chombo kinachovunjwa, ikitiwa katika siki kwa wiki moja au mbili hutoa maji yanayoigeuza ngozi ya magome kuwa nyeusi moja kwa moja. Chombo kisifungwe kabisa, kwani hutoa hewa. Chuja kwa kitambaa, paka mara moja, kisha suuza kwa maji kidogo.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vitakavyotaka kuifanya kazi hii kuwa biashara vinaweza kuomba mkopo usio na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Maombi huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii.

Wakati wa masika, ngozi na vitu vyake visifungiwe katika mfuko wa plastiki, bali vitundikwe ndani ya nyumba mahali penye hewa. Kuvu ikitokea, ifutwe nje kwa kitambaa kikavu. Sifa inayopakwa majahazi isipakwe viatu. Harufu yake haitoki na vumbi lote la njiani litaganda humo. Makubadhi yaliyoingia maji ya bahari yasuuzwe siku hiyohiyo kwa kikombe kimoja cha maji ya mvua, yakaushwe kivulini, na yapakwe mafuta ya nazi kidogo yakiwa bado na unyevu kwa mbali.